Mawakala wa vyuo vya nje, Arusha na Moshi: cha kulipia na cha kukataa

Hapa hatupimi ofisi moja. Tunapima huduma yenyewe, ile inayouzwa Arusha mjini na Moshi kwa maneno "tunakupeleka kusoma nje", bango likiwa na bendera za Uingereza, India, China na Canada. Kwa kujaza fomu, kupanga vyeti na kukukumbusha tarehe za mwisho, wengi wanaifanya kazi vizuri. Kwa kuchagua chuo, ni wastani, tena wastani wa mashaka. Kwenye fedha za viza na ufadhili ndiko wazazi wanakoumia.

Kabla ya kuketi, uliza nani anamlipa wakala. Kwa kawaida ni chuo: ukishasajiliwa, wakala anapata asilimia fulani ya ada ya mwaka wa kwanza. Hakuna haramu hapo, ila orodha utakayoonyeshwa ni ya vyuo vinavyolipa, si lazima iwe ya vyuo vinavyokufaa. Ndiyo maana vyuo vya umma vya Ujerumani hutajiwa kwa nadra. Vingi havitozi ada ya masomo (Baden-Württemberg, kwa mfano, inawatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula), kwa hiyo hakuna cha kugawana. Badala ya ada, Ujerumani inataka uonyeshe fedha za kujikimu, kwa kawaida kwenye akaunti maalumu iliyofungwa: euro 11,904 kwa mwaka, unazitoa 992 kila mwezi.

Mtego mwingine ni mwaka wa maandalizi. Mwenye matokeo mazuri ya kidato cha sita anaambiwa lazima aanze na mwaka huo, naye analipia mwaka mzima zaidi. Wapo wanaouhitaji kweli. Dawa ni barua pepe moja kwa ofisi ya udahili ya chuo, ukitaja ACSEE (mtihani wa kidato cha sita), tahasusi yako na alama za kila somo, kisha uulize kama zinatosha kuingia mwaka wa kwanza. Jibu la chuo lina uzito kuliko la mtu wa kaunta.

Sasa fedha, na tuchukue Uingereza maana ndiko maombi mengi yanakwama. Ada iliyobaki pamoja na gharama za kuishi lazima zilale benki siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiwango hata kwa siku moja, hesabu inaanza upya. Stetimenti nayo isizidi siku 31 tangu tarehe yake ya mwisho hadi siku unayolipia maombi. Kubwa zaidi: akaunti iwe ya mwanafunzi, ya mzazi au ya mlezi wa kisheria (au ya mwenza, kwa aliyeoa au kuolewa). Ya mjomba haihesabiki, hata kama ndiye anayesomesha ukoo mzima. Mjomba ahamishe fedha kwenye akaunti ya baba, mama au mtoto, halafu siku 28 ndipo zianze. Ikitumika ya mzazi, ambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Shamba la kahawa, hati ya nyumba ya Njiro, hisa: vyote havihesabiwi. Wakala anayesema "tutakutengenezea stetimenti", mwage na uondoke. Ukibainika, unaweza kufungiwa kuomba viza kwa miaka 10, na jina linalochafuka ni lako, si la ofisi yake.

Makadirio ya gharama wanayokuchapia mara nyingi huruka tozo ya afya ya Uingereza: pauni 776 kwa mwaka, hulipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba viza. Inafuata urefu wa viza, si urefu wa kozi, hivyo shahada ya uzamili ya mwaka mmoja inakuwa pauni 1,164.

Kuna na kalenda. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, chuo kinafungua Septemba. Katikati hapo weka barua ya udahili isiyo na masharti, namba ya CAS (uthibitisho wa chuo unaotumika kuombea viza ya Uingereza), siku 28 za benki na takriban wiki 3 za uamuzi wa viza. Inawezekana kama fedha zimeshalala mapema. La sivyo chagua mhula wa Januari, usikubali kukimbizwa.

Wakala mzuri utamjua siku ya kwanza kwa swali lake kuhusu majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne vile, kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeongeza la babu. Haya yarekebishwe kabla ya kuomba pasipoti, si baada ya chuo kutoa barua. Pasipoti yenyewe ada ya serikali ni shilingi 150,000. Akiandika zaidi, ziada ni yake.

Safari ya Dar es Salaam haikwepeki. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 anapimwa kifua kikuu kwenye kliniki ya IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), na alama za vidole zinachukuliwa huko huko Dar. Panga vyote kwa safari moja, lakini kipimo kisisubiri dakika za mwisho: picha ya kifua ikitia shaka, makohozi yanaoteshwa maabara na majibu huweza kufika wiki 8. Cheti kinadumu miezi 6.

Malipo: ada iende kwenye akaunti ya chuo moja kwa moja, kwa jina na namba ya mwanafunzi. Barua pepe ya maombi iwe yako, nywila uijue wewe. Wapo mawakala wanaoomba kwa barua pepe waliyoifungua na kuishika wao, ukitaka kuhama ofisi unakuta udahili wako umeshikwa rehani. Ufadhili wa Chevening au Türkiye Bursları hauna ada ya maombi, hivyo "fedha ya fomu" ni ya mfukoni kwa mtu.

Mwisho, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Omba kuona kibali cha wakala cha kudahili wanafunzi wa vyuo vya nje, na usiondoke bila barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi. Ukirudi, shahada itapelekwa TCU kutambuliwa, na sifa ulizoingilia chuoni huangaliwa. Wa udaktari wawe makini zaidi: chuo kinachokupokea bila ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia unaotakiwa nyumbani kinaweza kukupa shahada ambayo Baraza la Madaktari Tanganyika halitaisajili.