Kulala Mji wa Kale au Nyali
Mgeni anayetafuta nyumba ndogo ya kulala na kupata kifungua kinywa Mombasa huchagua aghalabu kati ya Mji wa Kale na Nyali. Katika Mji wa Kale atafika kwa miguu kwenye ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na asubuhi ataandaliwa mahamri ya moto kwa mbaazi za nazi, ingawa ngazi za nyumba hizo ni nyembamba na adhana ya alfajiri itamwamsha, atake asitake. Nyali, ng'ambo ya daraja, ina ufuo wa mchanga na utulivu, lakini kwenda mjini huhitaji matatu au tuktuk. Anayekuja kuogelea na alale Nyali. Mimi, kwa mahamri hayo, ningebaki kisiwani.