Darubini ya kutazamia ndege pwani: ipi ununue kwanza

Anayenunua darubini ya macho mawili kwa mara ya kwanza huuliza, "Hii inavuta mara ngapi?" Swali hilo limewaponza wengi. Ukiwa umeegesha karavani kando ya bahari na kutwa unatembea ufukweni, kinachokusumbua zaidi ni upepo. Mkono ukitikisika kidogo tu, darubini ya mara 12 inaukuza mtikisiko huo mara 12, na shakwe anageuka doa linalocheza.

Ya kwanza kwangu ni 8x42. Nane ni ukuzaji. 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 upate milimita 5.25, ndio upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. Alfajiri, mboni ikiwa imepanuka, duara hilo ndilo litakaloamua kama umeona ndege aitwaye sululu au jiwe. Tena inaona eneo pana, mita 130 hivi kwa umbali wa mita 1,000, kwa hiyo chamchanga wakiruka ghafla huwapotezi.

Ya pili, 8x32. Ni nyepesi, na mchana wa jua hutaona tofauti. Kama unatembea kilomita 15 kwa siku, ipandishe iwe ya kwanza, sitabisha.

10x42 naiweka ya tatu. Maji yakipwa, ndege huwa mbali kwenye matope na ukuzaji huo unavutia kweli. Lakini jaribu kwanza dawa isiyo na gharama: fika mapema kabla maji hayajajaa, kaa kimya, bahari iwasogeze ndege wenyewe kuja kwako. Siku za bamvua husogea zaidi.

Teleskopu ya kukuza mara 20 hadi 60 ni nzuri kwa mtu wa kukaa pahali pamoja, ila inadai tripodi imara, na joto likipanda juu ya mchanga, ukipita mara 40 unakuza mvuke tu. Inunue baadaye. Ndogo ya mfukoni, 8x25, ni ya akiba. Jua likizama nayo imezama. 7x50 ya mabaharia hufikia kilo moja au zaidi, shingo itakusimulia. Zile za kubadilisha ukuzaji kwa kitufe usiziguse: eneo la kuona ni finyu na picha hufifia.

Yoyote utakayochagua, iwe haipitishi maji na imejazwa naitrojeni, la sivyo ukungu utaingia ndani ya lenzi. Mvaa miwani aulize nafasi ya jicho, yaani umbali ambao jicho linaweza kuwa kutoka lenzi ya nyuma na bado likaona picha nzima: milimita 15 kwenda juu, chini ya hapo ataona kama anachungulia tundu la ufunguo.

Chumvi nayo. Yangu ya kwanza niliifuta kwa pindo la shati jioni moja ya upepo, chembe za mchanga zikachora mistari ambayo haikutoka tena. Siku hizi naisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, naiacha ichuruzike, ndipo nafuta kwa kitambaa laini.

Na usiijaribu kupitia dirisha la karavani ukadhani ni mbovu. Madirisha mengi ya karavani ni plastiki ya tabaka mbili, na hupindisha picha. Fungua dirisha, egemeza viwiko kwenye kizingiti, ndipo utazame.