Uzoefu wangu na Dracula Daily, riwaya ya kutisha inayokuja kwa imeili siku kwa siku

Nianze kwa kujitambulisha, maana kwenye mambo ya hadithi za kutisha mtu anapimwa kwanza kwa kinachomtisha ndo asikilizwe. Mimi ni wa Mbagala, nasoma haya mambo tangu shule ya msingi, majini, mizimu, maiti kutembea, chochote. Filamu sio sana, filamu inakushtua halafu imeisha, kitabu ndo kinakufuata mpaka chooni usiku. Damu nyingi hainisumbui wala nini. Kinachonimaliza ni mtu kujua kabisa kuna kitu kibaya kinakuja na hana pa kukimbilia. Kama na wewe uko hivyo basi hii huduma ni ya kwako, kama wewe ni wa mapanga na matumbo kumwagika utasinzia mapema tu.

Iko hivi. Riwaya ya Dracula ya Bram Stoker ilitoka 1897 na imeandikwa yote kwa dayari, barua, telegramu na vipande vya magazeti, na karibu kila kipande kina tarehe. Sasa mwaka 2021 jamaa anaitwa Matt Kirkland akaona kwa nini tusisome kwa tarehe hizohizo, kilichotokea 3 Mei kitabuni kikuingie kwenye simu 3 Mei, hivyohivyo mpaka Novemba mwanzoni. Siku ambayo kitabuni hakuna kitu na wewe hupati kitu. Unaweka imeili yako tu, hulipi hata shilingi, kitabu chenyewe haki miliki yake ilishaisha zamani. Mwaka 2022 watu wakajazana huko mitandaoni wanamjadili Jonathan, mhusika wa kitabuni, kama jirani yao, na mimi nilisikia kwa mtu baada ya hapo nikajiunga.

Imeili ya kwanza nikasema hapa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Jonathan Harker, wakili kijana wa Uingereza, yuko safarini kwenda Transylvania kumshughulikia tajiri mmoja, huyo Dracula mwenyewe, anayetaka kununua nyumba London, na anachoandika ni treni kuchelewa na kuku wa paprika aliokula hotelini, eti asisahau kuulizia wanavyompika ampelekee mchumba wake Mina. Ndo hivyo, kuku. Ila kesho yake mama mwenye hoteli anampigia magoti asiende, akikataa anajivua rozari shingoni anamvalisha, na hapo mtu yeyote aliyekulia huku kwetu anajua, ukiona mama mtu mzima asiyekujua anakuvalisha kinga bila kuomba hela, geuza. Yeye hageuzi, ana kazi ya ofisi.

Ya 8 Mei niliisoma kwenye daladala, foleni ya Mtoni. Jonathan ananyoa ndevu na kioo chake kidogo, anasikia mkono begani, mwenyeji wake kasimama nyuma kabisa anamsalimia, na kwenye kioo chumba chote kinaonekana ila yule mtu hayumo. Anajikata kidogo na wembe, yule bwana akiona damu macho yanabadilika anamrukia kooni, mkono unagusa shanga za rozari, anatulia papo hapo kama sio yeye. Halafu anakichukua kioo anakirusha dirishani. Na unajua Jonathan anaandika nini baada ya hapo? Analalamika sasa atanyoaje ndevu! Nilicheka peke yangu konda akaniangalia, lakini ukitulia ndo unaona hiyo ndo sehemu ya kutisha kuliko zote, mtu akili imekataa kuelewa kilichompata inashika kitu kidogo inachoweza kukimudu.

Sasa kinachofanya hii huduma iwe tofauti na kusoma kitabu moja kwa moja ni kusubiri. Katikati ya Mei Dracula anamwamuru Jonathan aandike barua tatu za kwenda nyumbani mapema, na anampangia tarehe za kuweka, 12 Juni, 19 Juni na 29 Juni. Jonathan anaelewa hapohapo kwamba kapewa siku zake za kuishi. Kwenye kitabu unageuza kurasa chache umeshafika. Huku nilikaa na hizo tarehe wiki na wiki, niko sokoni nakumbuka leo ni ile ya pili. Halafu 30 Juni anaandika mara ya mwisho, kaamua ashuke ukuta wa kasri kwa mikono, na baada ya hapo kimya. Julai yote hakuna Jonathan. Unapata barua na dayari za Mina yuko Whitby, mji wa pwani Uingereza, anahangaika mbona haandiki, na wewe hujui zaidi yake, sote tunasubiri.

Cha pili ni ile merikebu ya Demeter, inayombeba Dracula kwa siri kwenda Uingereza. Kitabuni meli inaingia kwanza bandarini kwenye dhoruba, Agosti, maiti ya nahodha imefungwa kwenye usukani, ndo baadaye unasomewa daftari lake lote kwa mpigo. Dracula Daily wamelipanga kwa siku zake, kwa hiyo kuanzia Julai unapata mistari michache, mabaharia wana wasiwasi, siku mbili baadaye mmoja haonekani, kimya, halafu mwingine. Dada mmoja wa Mombasa ninayesoma naye kila asubuhi alikuwa ananitumia meseji moja tu, "leo kapotea nani?" Kuna wanaosema hii inaharibu mpangilio wa mwandishi, na kweli lile fumbo la meli kuingia yenyewe bila watu linakufa, unakuwa unajua kila kitu. Mimi nakubali hasara hiyo. Kujua na kushindwa kuwaambia kumenitesa kuliko fumbo lolote.

Mabaya yapo. Kiingereza ni cha 1897, na kuna mzee wa Whitby, Mr Swales, anaongea lafudhi ya kwao ambayo kamusi haikusaidii, soma kwa sauti ndo utaambulia. Usimruke lakini, 6 Agosti anamwambia Mina ananusa kifo kwenye upepo wa baharini, na siku chache mbele ndo uone. Van Helsing, profesa wa Kiholanzi anayeongoza kumwinda Dracula, naye anavunjavunja sentensi mpaka unachoka. Urefu haulingani kabisa, leo mistari miwili, keshokutwa kurasa na kurasa, ile ya 3 Oktoba usiiguse kama huna jioni nzima. Na kuanzia mwisho wa Septemba hadithi yenyewe inaniudhi kidogo, wanaume watano wanaomwinda Dracula wanaamua kumficha Mina mipango yao eti wanamlinda, wakati yeye ndo kawachapia dayari zao zote kwa mashine wakapata pa kuanzia. Tuligombana sana na dada wa Mombasa hapa, yeye anasema mwandishi kafanya makusudi tuone ujinga wao. Labda. Bado niliudhika.

Kuhusu bando, ni maandishi tu, haili kitu. Angalia kwenye kichupo cha matangazo au taka maana zinaweza kujificha huko ukadhani ni ile siku ya kimya, na ukichelewa kujiunga zilizopita zipo kwenye tovuti yao unajisomea mpaka uwafikie wenzako. Nyota nne kati ya tano natoa, ya tano itakuja siku mtu akitufanyia kitu kama hiki kwa Kiswahili, maana watu waliolala nje kwa makundi Pemba na Unguja mwaka 1995 kwa hofu ya Popobawa, yule shetani aliyesemekana kuvamia watu usiku, sidhani kama wanahitaji kasri la Transylvania.

Imekuwa ikirudi kila mwaka 3 Mei, kwa hiyo jiandikishe Aprili, na tafuta hata mtu mmoja wa kusoma naye, ukipata mbishi ndo vizuri zaidi.