Uzoefu wangu: kipimo cha umeme wa ubongo (EEG) kwa mtoto wa miaka 7

Mwanangu alikuwa akiduwaa. Anasoma, ghafla ulimi unasimama, macho yametua ukutani. Sekunde 10 hivi, kisha anaendelea pale pale alipoishia. Maalim wa chuoni alihesabu ni ukaidi. Mama mkwe akamletea kombe (maji yaliyooshea maandishi ya Qurani), akanywa, wala sikukataza, dua ni dua. Zahanati moja huku Pemba wakamwandikia dawa ya kifafa, carbamazepine, bila ya kipimo chochote, na kuduwaa kukazidi. Siku moja nilihesabu mara 20.

Ndipo tukapanda boti Mkoani kwenda Unguja. Mwenye hofu kama yangu ajue: kipimo hiki hakimtii mtoto umeme wala hakiumi. Kinanasa tu umeme mdogo ambao ubongo wenyewe unautoa, jambo ambalo Mjerumani Hans Berger alilifanya kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924. Nywele ziwe safi, bila mafuta. Bibi yake alikuwa keshampaka ya nazi, ikabidi tumuoshe upya kwa sabuni pale pale bombani.

Dada wa kipimo alimbandika vijisahani vya chuma kichwa kizima, kila kimoja na waya wake. Akamshikisha kipande cha karatasi: "Baba, ipulize hii, usiache mpaka nikwambie." Dakika ya pili akaacha kupuliza, karatasi inaning'inia mkononi. Kwenye skrini, mistari iliyokuwa ikitambaa ikapanda yote kwa pamoja, milima inayofanana, mitatu kila sekunde. Akamwita jina lake. Kimya. Mistari ilipolala, mtoto akaendelea kupuliza, hana habari. Nililia. Mwaka mzima nilikuwa nikimkaripia.

Daktari akasema ni kifafa cha kuduwaa, na carbamazepine huweza kukichochea. Picha ya CT scan isingeonesha kitu, maana ubongo wenyewe hauna kovu wala uvimbe. Sasa anatumia dawa nyingine ya kifafa, sodium valproate, dozi kwa uzito wake, na damu inapimwa kuangalia ini. Mwezi wa tatu huu sijamuona akiduwaa. Wengi huacha kuduwaa wakifikia balehe, ila dawa haikatwi ghafla.

Kilichoniudhi ni kusubiri majibu siku 3, malazi juu yetu, na karatasi yenyewe Kiingereza kitupu. Nilimuomba daktari anisomee mstari kwa mstari, akakubali.

Mwenye kwenda, amrekodi mtoto kwa simu akiwa ameduwaa. Video yangu daktari aliitazama mara mbili kabla hajaniuliza kitu.