Kuhama seva ya barua pepe: kwa mkupuo au kwa awamu?

Exchange 2013, programu ya Microsoft ya seva ya barua pepe, iliacha kupata viraka vya usalama tarehe 11 Aprili 2023. Ofisi ya Kisumu au Nakuru ambayo bado inaitumia inafaa ihamie Exchange Online, huduma ya Microsoft ya barua pepe mtandaoni.

Kwa gharama, mkupuo (kuhamisha masanduku yote ya barua kwa pamoja) unashinda. Awamu (kuyahamisha kundi kwa kundi) inadai cheti cha TLS, yaani cha usalama wa mawasiliano, kutoka kwa mtoaji anayeaminika, programu ya kusawazisha akaunti na siku kadhaa za fundi.

Kwenye intaneti mambo hugeuka. Kwa mfano, masanduku 60 ya GB 4 kila moja ni GB 240. Laini inayopakia kwa Mbps 10 hupitisha takribani GB 4.5 kwa saa, yaani saa 53 umeme usipokatika. Kisha, kwa mkupuo, kila Outlook (programu ya kusomea barua) huundiwa wasifu mpya, yaani mipangilio mipya ya akaunti, na Jumatatu asubuhi kompyuta zote 60 zinavuta barua zilezile upya. Hapo ndipo simu za malalamiko huanza! Punguza makali kwa kuiwekea Outlook ihifadhi barua za miezi 3 tu. Kwa awamu, wasifu wa zamani hubaki.

Njia yoyote ile, shusha TTL (muda ambao seva nyingine huikumbuka rekodi) ya rekodi ya MX, inayoelekeza barua zako ziende seva gani, hadi sekunde 300 siku mbili kabla, na utafute barua zinazozidi MB 150, kwani hazitahama.

Chama kidogo chenye masanduku 20 kitamaliza kwa mkupuo wikendi moja. Kwa mkupuo Microsoft huruhusu hadi masanduku 2,000, lakini hushauri usizidi 150. Hospitali isiyofunga milango, yenye laini nyembamba, ichukue awamu: idara moja kila usiku, mapokezi mwisho.