Lithiamu kaboneti: dawa nzuri, ila usiianze bila maabara

Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alieleza jinsi chumvi ya lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa wa mania (msisimko wa akili uliopita kiasi), watu ambao zama hizo wengi wao waliishia kufungiwa hospitalini. Marekani iliidhinisha mwaka 1970. Kwa ugonjwa wa baipola, ambao mtu hupita kati ya mania na huzuni kali, bado tunaipa nafasi ya kwanza, hasa kwa sababu hupunguza vifo vya kujiua.

Ugumu wake uko kwenye kipimo, maana kiasi kinachotibu kimekaribiana mno na kinachodhuru. Damu itolewe zikishapita saa 12 tangu dozi ya mwisho, siku 5 hadi 7 tangu dozi ianzishwe au ibadilishwe. Kwa kinga ili ugonjwa usirudi, wengi hulenga milimoli (mmol) 0.6 hadi 0.8 za lithiamu kwa lita ya damu, ikipita 1.5 ni hatari. Mgonjwa akimeza kidonge asubuhi kisha aende maabara, jibu litasoma juu na dozi itapunguzwa bure. Figo na tezi ya thairoidi zipimwe kila miezi 6.

Mwili ukikosa maji au chumvi, figo huirudisha lithiamu kwenye damu. Kwa hiyo kuhara, jasho jingi, kufunga Ramadhani bila kumshauri daktari, hata diklofenaki ya maumivu ya mgongo, vyote vinaweza kuipandisha. Mikono ikitetemeka sana, mtu akipepesuka na ulimi ukawa mzito, asimeze dozi inayofuata. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Bei yake ni nafuu. Lakini kama kituo chako hakiwezi kupima kiwango chake kwenye damu, omba dawa nyingine.