Uzoefu wangu na kapeti za mpira za kukata kwenye Toyota IST

Kapeti za mpira nilizonunua Kariakoo kwa ajili ya Toyota IST yangu zimefanya kazi nzuri ya kuzuia tope na maji kwa msimu wote wa masika, lakini upande wa dereva hazifai kuwekwa jinsi zinavyotoka dukani. Muuzaji atakuonyesha unene wa mpira na mifereji inayokusanya maji, na yote hayo ni kweli, ila hatakueleza kwamba ubora wa kapeti ya dereva unapimwa kwanza kwa kutosogea kwake pale mguu unapohama ghafla kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki.

Seti niliyochukua ina vipande vinne, nayo ni ya aina inayouzwa kwa gari lolote, yenye mistari ya kukatia pembezoni. Tulipatana kwa Sh 65,000. Zipo pia zinazotengenezwa kwa kipimo cha modeli moja, zenye matundu yanayolingana na vikulabu vya sakafuni, na mwenye uwezo ningemshauri achukue hizo, mradi ahakikishe zimekusudiwa magari ya usukani wa kulia. Nasisitiza hilo kwa sababu nyingi nilizoonyeshwa zilikuwa za usukani wa kushoto, na sakafu za dereva za magari hayo mawili hazilingani: kwetu pedeli ya mafuta iko upande wa mlango, karibu na uvimbe wa tairi la mbele, ilhali kwenye usukani wa kushoto pedeli hiyo iko upande wa katikati ya gari. Kapeti isiyozingatia tofauti hiyo hujikunja pale pale ambapo haikupaswa kujikunja.

Muuzaji alinishauri hivi: "Weka juu ya lile zulia la zamani, bosi, siku ukiuza gari utalitoa safi." Ushauri huo ni wa kawaida sana madukani, na ndio ninaoupinga kuliko mwingine wowote. Zulia la kitambaa lililokuja na gari limeshikwa na vikulabu, lakini mpira unaowekwa juu yake haushikwi na kitu chochote, na tena unakuwa umeinuliwa kuelekea kwenye pedeli. Mwezi Agosti 2009, karibu na San Diego huko Marekani, watu wanne walikufa katika Lexus ES 350 ya kuazimwa, gari la chapa inayomilikiwa na Toyota, ambayo ilikuwa imewekewa kapeti ya mpira ya modeli nyingine, RX 400h, na uchunguzi ukaonyesha kuwa kapeti hiyo ilinasa pedeli ya mafuta. Mwezi uliofuata Toyota iliwataka wamiliki wa magari yapatayo milioni 3.8 nchini humo waondoe kapeti za upande wa dereva, na baadaye pedeli za modeli zilizohusika zikafupishwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba habari ya kufunga kapeti ni mbwembwe za wenye magari mapya, simwelewi.

Nilitoa zulia la zamani kabisa, nikafagia mchanga wote, kwa kuwa mchanga ukibaki chini ya mpira huufanya uteleze kana kwamba umewekwa juu ya gololi. Kapeti zilikuwa zimekunjwa dukani, hivyo nilizianika juani hadi zikalainika na kunyooka. Kapeti yenye ncha iliyoinuka haifai kufungwa siku hiyo hiyo. Kisha nililaza zulia la zamani juu ya mpira, nikachora umbo lake kwa chaki pamoja na matundu ya vikulabu, nikakata kwa kisu kikali, kidogo kidogo, kwani mpira uliokatwa kupita kiasi haurudi. Upande wa mbele, chini ya pedeli ya mafuta, nilikata zaidi ya mstari ili kuacha nafasi iliyo wazi.

Matundu ndiyo yaliyonipa kazi. Tundu lililotobolewa tu hupanuka kwa kuvutwa na kisigino mpaka kikulabu kinachomoka, kwa hiyo nilikwenda kwa washonaji wa maturubai wakanipigia pete za chuma, zile zile wanazotia kwenye turubai la lori. Kikulabu kimoja cha gari kilikuwa kimevunjika, nikakibadilisha kwa cha plastiki kinachosokotwa kwenye kitambaa kilichofunika sakafu ya gari yenyewe, nacho kimeshika vizuri. Gundi ya kubandika pande mbili haikunivutia, kwa sababu haishiki kwenye kitambaa chenye vumbi.

Baada ya kufunga, nilipima injini ikiwa imezimwa na hendibreki imevutwa. Nilisogeza siti mahali ninapokaa nikiendesha, nikakanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho na kuiachia, nikitazama kama inarudi bila kugusa mpira, kisha nikafanya vivyo hivyo kwa breki. Mwisho niliisukuma kapeti mbele kwa kisigino kwa nguvu zote, nayo haikusogea. Mwenye gari la gia za mkono apime na klachi pia.

Kasoro zipo. Harufu ya mpira ilikuwa kali, hasa gari likishinda juani, na ilichukua wiki kadhaa kupungua. Maji yanayopita pembeni hujificha chini, hivyo ni lazima kuziinua mara kwa mara wakati wa mvua ili sakafu ikauke, la sivyo ukungu utaanza. Vipande vya nyuma ni vifupi kidogo, jambo ambalo halinisumbui.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni kuosha gari. Vijana wa kuosha hutoa kapeti zote, huzisugua kwa sabuni, na wengine huzipaka dawa ya kung'arisha tairi, ambayo huufanya mpira uteleze chini ya kiatu. Hiyo huwa nakataa mapema. Halafu wakizirudisha, huzilaza tu bila kuingiza vikulabu kwenye pete, na kwa macho zinaonekana zimekaa sawa. Siku hizi silipi mpaka nimeinama na kuivuta ile ya dereva kwa mkono.